Theluji Isiyo na Wino

Hapo zamani, katika nchi ya Japani, upande wa kaskazini ambako theluji hufika madirishani, palikuwa na bwana wa ngome aitwaye Hisamori, aliyependa kusifiwa kuliko kula. Chini ya ngome hiyo aliishi Yasoji, mchapa picha, maskini wa kutupwa asiyejua kuufunga mdomo wake. Mali yake ilikuwa mbao za mti wa cheri alizoachiwa na babake. Hizo alizichonga na kuzipaka wino, akalaza karatasi juu yake akaisugua, na kwa picha hizo yeye na mkewe Onui walikula.

Ikawa Hisamori akaambiwa kuwa Yasoji amesema sokoni, "Bwana wetu baridi huijua kwa kusimuliwa tu." Akaghadhibika, akaamuru mbao zichukuliwe zirundikwe kando ya seredani yake ya makaa, kisha akamwita.

"Ewe Yasoji, nakuachia ubao mmoja. Nichapie milima yangu wakati wa theluji, nami niitazamapo nihisi baridi mwilini. Nisipoihisi, hizi nitazifanya kuni."

Yasoji akarudi kwake. Onui akashika kiuno. "Mdomo wako huo, mume wangu! Wakizichoma tutachonga nini, masufuria?"

"Tulia, mama watoto. Ubao una pande mbili."

Basi akachonga upande mmoja milima na paa la kibanda, akauchapa kwa wino mweusi. Upande wa pili akachonga theluji, akaukandamiza mkavu, bila wino, juu ya karatasi yenye unyevu, hata karatasi ikavimba mahali pa theluji.

Alipoipeleka ngomeni, ukumbi ulikuwa na joto kama jikoni. Genba, mshauri mkuu, jasho likimtiririka, akapaza sauti, "Loo! Vidole vimeniganda!"

Hisamori akatazama. "Mimi naona milima na karatasi tupu, wala sihisi baridi."

"Kweli, bwana wangu," akasema Genba akijipangusa, "joto tupu."

"Utieni motoni ubao wa kwanza!"

Kabla ubao haujafika motoni, Yasoji akainama hadi sakafuni. "Umri wako uwe mrefu, bwana wangu. Theluji hii haina wino. Huonekana kwa mwanga wa ubavuni tu, nao moshi wa makaa huichafua karatasi. Na joho lako nene linaitia kivuli."

Basi milango ikafunguliwa, seredani ikatolewa nje, joho likavuliwa, na Hisamori akapiga magoti ukingoni mwa baraza, picha mkononi. Mara akaiona theluji ikiinuka juu ya paa, na nyayo zikipanda mlimani.

"Nyayo za nani hizi?"

"Za mtu atafutaye kuni, bwana wangu. Zifuate, usiache hata mmoja."

Akazifuata kwa macho, kilima baada ya kilima, hata pua ikamtiririka na meno yakagongana. "Fungeni milango! Nakufa kwa baridi!"

Yasoji akasema, "Bwana wangu ameitazama picha, naye amehisi baridi."

"Mwongo we! Baridi hii ya mlangoni!"

"Bwana wangu aliagiza aihisi. Hakuagiza itokee wapi."

Hisamori akamgeukia mshauri wake. "Genba, nawe wahisi baridi?"

Genba, midomo imemgeuka buluu, akamtazama bwana wake, akazitazama mbao. "Nahisi... nahisi kama vile ahisivyo bwana wangu."

Hapo Hisamori akacheka hata akashika mbavu. "Kumbe mimi nimelishwa joto na waongo! Yasoji, mbao ni zako. Nawe Genba, mbebee mpaka kwake, kwa miguu, bila joho."

Onui alipofungua mlango akamwona mkubwa yule, theluji kichwani, mbao mgongoni, akitetemeka kama kifaranga.

"Karibu uote moto, bwana mkubwa," akasema, "ikiwa umekuja na kuni zako."

Na Genba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakosa la kusifu.