Kile Kitu Cheupe cha Kiboko

Kwaruuu!

Ndivyo mwamba ulivyolia usiku mmoja wa zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika majumbani mwao. Kiboko alikuwa amekwama tena kati ya mawe mawili. Ng'ambo ya mawe kulikuwa na bwawa lenye kina. Huku kwake lilibaki tope tu, nalo lilikuwa linakauka. Asipopungua apite, jua litampasua ngozi.

Akarudi nyumbani kinyumenyume, akihema. Tangu mvua ikatike alikuwa akila majani matupu. Kile chakula cheupe cha unga, kile cha kumega na kuchovya, alikipiga marufuku. Hata jina lake lisitajwe!

Mpishi wake alikuwa Nguchiro, mdogo kama kiatu, mwepesi kama cheche.

"Mjomba," Nguchiro alisema asubuhi, "leo ule kile kitu. Ushibe."

Kiboko akakodoa macho. "Wewe! Mwanzoni nilikililia, ukaninyima!"

"Mwanzoni ulikuwa na uchu tu. Nguvu zilikuwa tele, na tumbo lilikuwa linashuka."

"Sasa sikitaki, unanilazimisha?"

"Sasa majani unakula kwa uaminifu, lakini tumbo limegoma kushuka. Miguu mizito, usingizi huna, unatetemeka juani. Mwili umechoka, Mjomba. Shiba leo tu, kesho turudi kwenye majani."

"Nile ili nipungue?"

"Ee!"

"Maneno haya hayana kichwa wala miguu!" Kiboko akaona kizunguzungu. Shibe inanenepesha, njaa nayo imegoma kupunguza. Ashike lipi? "Toka! Sili!"

Nguchiro akaingia jikoni. Puku! Puku! Mwiko ukagonga sufuria. Akarudi na sinia linalofuka moshi, uso ameukunja.

"Mjomba, nimekuta hiki jikoni. Mimi sikijui. Wewe mjuzi wa yote, ni nini?"

Mate yakamjaa Kiboko. Akilitaja jina, amevunja marufuku yake mwenyewe. Akinyamaza, ataonekana mjinga.

"Labda... chokaa?"

"Chokaa inanukia hivi?"

"Ngoja nionje." Gubu! "Hm. Si chokaa. Udongo mweupe?"

"Mimi nitajuaje, Mjomba?"

Akamega tonge jingine. "Si udongo. Pamba?" Gubu! "Wala si pamba."

Akamega, akakisia, akamega, mpaka sinia likang'aa. Kisha akalala fofofo. Koroo! Koroo!

Alipoamka, miguu ilikuwa myepesi. Akarudi kwenye majani yake, akapanda kilima na kushuka bila kutetemeka, na baada ya siku kadhaa tumbo likaanza tena kushuka. Jioni moja akajibana kati ya mawe, akasukuma, akasukuma... Chubwi! Bwawani mpaka masikioni!

Nguchiro akacheka juu ya jiwe. "Anayejinyima ashibe siku mwili umechoka, Mjomba, si siku uchu umempanda. Sasa niambie, siku ile ulikula nini?"

Kiboko akatoa mapovu. Nani alimdanganya nani? Hata sasa hakuelewa vizuri. Akainua kichwa, akapanua kinywa chake chote, akanguruma kwa furaha:

"Ugali!"