Dashibodi ya Mghanga

Kabla hujaziba ufa, tafuta jua. Asubuhi mmemsikia Mama Righa akimwambia binti yake maneno hayo, mkaangaliana, mkacheka, maana mtu anayeziba ufa hutafuta udongo au saruji, hatafuti jua. Halafu mkaja kuniuliza mimi. Basi sogeeni. Msemo huu hamtausikia mbali sana na hapa Voi, na mwanzo wake naujua vizuri kwa sababu ua wetu ulipakana na ua wa watu wenyewe. Mambo yalikuwa hivi.

Palikuwa na ndugu wawili, Mghanga na mdogo wake Mwadime. Nyumba zao zilitazamana katika kiwanja kimoja walichoachiwa na baba yao, na katikati palikuwa na banda la mabati. Mghanga alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, mtu mnyamavu, mwenye kupenda kila kitu kikae mahali pake. Alikuwa na gari dogo jeupe, la zamani, ambalo alilitunza kama yai. Hakuruhusu mtu aingie na viatu vyenye tope, na kila Jumapili aliifuta dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu mpaka ing'ae.

Mwaka huo binti yake Mkamburi alikuwa anaolewa, na ilijulikana kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani kwa gari la baba yake. Hapo ndipo Mghanga alipogundua kwamba dashibodi imepasuka. Ufa mmoja ulianzia karibu na kioo cha mbele, ukashuka mpaka juu ya redio, na kingo zake zilikuwa zimejikunja kama ganda la ndizi lililokauka.

Alimwita mkewe, Wakesho.

"Umeweka nini hapa?"

"Mimi? Sijaweka kitu."

"Mkoba wako je?"

"Mkoba wangu naupakata, baba Mkamburi. Mkoba gani unaopasua gari?"

Mghanga hakutaka kulipeleka kwa fundi. Alisema gari lake atalitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa mikono yake. Akaiosha dashibodi kwa sabuni, akaikausha, akapunguza zile kingo zilizojikunja kwa wembe, kisha akaujaza ufa kwa gundi. Ukaziba. Alilala na furaha. Baada ya siku chache tu akafungua mlango, akakuta ufa uko palepale, kwa umbo lilelile, na gundi imebanduka vipande vipande.

Akaduwaa. Alijiambia kwamba kosa ni la gundi. Akanunua puti, ile wanayozibia mabati ya magari, akaikoroga, akaipaka kwa kipande cha plastiki, akaiacha ikakauka. Akaisugua kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa laini uliolowa maji, mpaka ukipitisha kidole huoni tofauti. Akafunika saa za mwendo na redio kwa magazeti, akapuliza rangi nyeusi. Ilipendeza, nasema kweli. Sisi majirani tulikwenda kuitazama, na mume wangu alisema imekuwa mpya.

Haikumaliza wiki. Ufa ulirudi, na safari hii ulikuja na mwenzake.

Hapo ndipo Mghanga alipoanza kuchanganyikiwa. Ungemwona amesimama kando ya gari, mikono kiunoni, akitazama ndani kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Kila aliyepita alikuwa na neno. Mmoja alisema puti ni mbaya. Mwingine alisema amesugua mno. Mzee mmoja alimnong'oneza kwamba kitu kinachopasuka kila kinapozibwa kina mkono wa mtu. Mghanga hakuwa mtu wa kuamini hayo, lakini neno "mkono wa mtu" lilimwingia, likakaa. Wakesho alimsikia akijiuliza peke yake wakati wa chakula: "Sasa nani? Na kwa nini?"

Ni lazima niwaambie jambo moja hapa, ndipo mwelewe. Wakati huo Mghanga na Mwadime walikuwa hawazungumzi. Mama yao, Bi Mshai, alikuwa amezeeka, na miezi kadhaa nyuma alikuwa amechukua mkeka na sanduku lake akahamia kwa Mwadime, mtoto mdogo, badala ya kwa kifungua mimba wake. Mghanga hakuuliza sababu. Hakugomba. Alinyamaza tu, akaacha kuvuka ua, na gari lake akaliondoa chini ya lile banda walilotumia wote, akawa analiegesha nyuma ya nyumba yake. Hata katika mipango ya harusi jina la Mwadime halikutajwa. Mkamburi alikuwa akilia kwa siri, maana bibi harusi gani huondoka kwao bila baraka ya baba mdogo?

Basi Mghanga akajaribu tena. Aling'oa puti yote, akaziba upya, akasugua, akapuliza rangi. Akaacha milango wazi harufu itoke, akaenda kuoga. Aliporudi, rangi ikiwa bado inanata, alikuta alama ya kiganja katikati ya dashibodi. Vidole vitano, wazi kabisa.

Wakesho alimshika shati, hakushikika. Alivuka ule ua ambao hakuwa ameuvuka tangu mama yake ahame, na sisi tuliosikia sauti yake tukatoka.

"Mwadime! Toka nje! Toka na mkono wako niuone!"

Mwadime akatoka, mkononi ana kijiko cha uji. "Kaka, kuna nini?"

"Nimekukosea nini? Kama una neno na mimi, sema. Kwa nini unaniharibia gari la kumpelekea mwanangu kanisani?"

"Gari? Mimi sijaligusa gari lako, kaka. Hata linakokaa siku hizi sijafika."

"Mkono wa nani basi ule?"

Mwadime akamtazama, akatutazama sisi. Mghanga naye, ghadhabu ikiwa imempanda, macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea njia kwao. Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani.

"Ni wangu."

Bi Mshai akajitokeza mlangoni, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaunyoosha mbele. Kiganja kilikuwa cheusi kwa rangi, na chini ya rangi ngozi ilikuwa imewiva.

"Nilikuja kwako," akasema. "Niliona milango ya gari iko wazi, nikasema nikae humo nikungoje, labda leo utanisemesha. Jua likanizidi. Nikashika pale mbele nijiinue, pakaniunguza kama chungu kilichotoka motoni. Nikarudi. Mwadime ananipa uji, sijamwambia."

Mghanga alikwenda akaushika mkono wa mama yake, akaugeuza, akautazama.

"Lakini mama, nyufa... mimi naziziba kila siku."

"Gari hili lilipokuwa bandani lilikuwa na ufa?"

"Hapana."

"Sasa linakaa wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Linatazama wapi?"

Mghanga akageuka polepole, kama vile hajawahi kuona nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Jua la alasiri lilikuwa limejaa kwenye kioo cha mbele, hakuna mti, hakuna kivuli. "Magharibi," akasema.

"Nani alilitoa kivulini?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mwadime akatazama chini, kijiko bado mkononi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu uliniacha mimi, mama, ukaja kwake."

Bi Mshai akashangaa, mshangao wa kweli. "Nikuache? Mghanga, nyumba yako ina ngazi. Mlangoni ngazi, jikoni ngazi, kwenda msalani ngazi. Magoti yangu hayapandi tena. Nilidhani unajua. Ungeniuliza ningekwambia siku hiyohiyo." Akatikisa kichwa. "Unaziba, unaziba, na jua liko palepale linakutazama. Kabla hujaziba ufa, tafuta jua."

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Mghanga alibaki amesimama, amechanganyikiwa kuliko alipokuja, kama mtu aliyebeba mzigo mwendo mrefu kisha akaambiwa haukuwa wake. Mwishowe akamwambia mdogo wake, "Leta maji baridi tumwoshe mkono." Mwadime akaleta. Wakauosha wote wawili, mmoja akimimina, mwingine akishika.

Kesho yake gari lilirudishwa chini ya mabati. Mwadime alishika msasa upande mmoja, Mghanga upande mwingine, na wakati huu, badala ya puti ngumu peke yake, waliivika dashibodi nzima rekseni nyeusi, ile ngozi ya bandia ya kuvalishia viti, wakaivuta na kuibana kwa gundi mpaka ikakaa sawa. Karibu na redio ilibaki mkunjo mdogo ambao hawakuweza kuuondoa. Waliubonyeza, wakauacha. Siku ya harusi Bi Mshai alikaa mbele, na Mwadime ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa Mghanga alitaka kukaa nyuma na binti yake. Dashibodi haikupasuka tena, na mbele ya mlango wa Mghanga ngazi zilivunjwa, pakajengwa mteremko.

Tangu hapo, hapa kwetu, mtoto akilia kila siku, au mume na mke wakipatanishwa leo na kugombana kesho, mtu mzima huuliza kwanza gari linakaa wapi. Mama Righa alimaanisha hivyo alipomwambia bintiye, anayemnunulia mumewe zawadi kila wanapokosana na hajamuuliza hata mara moja kinachomkera. Si kwamba kuziba ni vibaya. Ziba, wanangu. Lakini kabla hujaziba ufa, tafuta jua.