Mwari Aliyetoka na Matope

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioganda. Rudieni. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe uliyeukumbatia moto, wacha kujikuna muundi. Nakuona. Kwaru, kwaru, kama panya darini. Kipupwe hiki kimetubabua sote. Mimi mwenyewe mgongo unaniwasha hapa nilipo, lakini najikaza. Basi tulieni, maana hadithi ya leo ni ya huko huko kuwashwa.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakiozana kwa ngoma na vigelegele, palikuwa na nchi milimani. Nchi nzuri. Nyasi tele, maji tele. Lakini ukiingia mwezi wa saba, lo! Kipupwe kinashuka. Upepo mkavu. Baridi ya kukata masikio. Ngozi zinapauka, zinaparara, zinapasuka.

Na mwezi huo huo ndio waliopenda kuolea, kwa kuwa mavuno yamekwisha na kila mtu ana nafasi.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Bibi harusi hakuulizwa kama anamtaka mume. Aibu, walisema. Bibi harusi hasemi, mwili wake ndio unaosema. Basi siku ya harusi alipandishwa juu ya jiwe pana, mbele ya halaiki, akasimama. Upande wa mume wakaimba nyimbo saba. Akisimama kimya mpaka wimbo wa saba, amekubali. Akitikisika, akijikuna, amekataa. Ngoma inakunjwa, wageni wanarudi kwao, na bwana harusi hamuoni tena.

Mwaka huo mwari alikuwa Mashavu, binti wa Tembo. Alikuwa anaolewa na Makame, tembo dume wa bonde la pili. Na Mashavu alimpenda, jamani! Alimpenda mpaka akisikia nyayo za Makame, pu, pu, pu, masikio yake yalicheza yenyewe. Makame alimwona mara ya kwanza dimbwini, ana tope mpaka kope, akacheka, akakaa naye kutwa.

Mwari akatiwa ndani siku saba. Somo wake, wa kumfunda na kumsugua, alikuwa Bi Nyani. Mnamjua Bi Nyani? Mikono mirefu, maneno marefu kuliko mikono.

"Mimi nimesugua maharusi arobaini," alisema, akikunja mikono ya kanzu asiyokuwa nayo. "Wote walitoka wanang'aa. Na wewe utang'aa, mwari wangu."

Akawasha moto mkubwa ndani ya kibanda, mchana na usiku usizimwe. Akachemsha maji, ya moto kwelikweli. Akatengeneza singo ya kumsugulia, ya mchanga na mrehani. Akatwaa dodoki kavu. Akamwagia, shwaa! Akasugua, kwaruu, kwaruu. Akamwagia, shwaa! Akasugua, kwaruu, kwaruu. Tope lote la dimbwini likatoka. Mashavu akang'aa kama chungu kipya.

Siku ya kwanza, raha. Siku ya pili, ngozi ikavuta. Siku ya tatu, ikaanza kuwasha.

"Somo, nawashwa."

"Uchafu huo unatoka," alisema Bi Nyani. "Tuongeze maji ya moto."

Shwaa! Kwaruu, kwaruu.

Siku ya nne: "Somo, nawashwa zaidi."

"Ehe! Bado umo uchafu. Tuongeze kusugua."

Shwaa! Kwaruu, kwaruu.

Mnaona mambo hayo? Anawashwa kwa sababu anasuguliwa, na anasuguliwa kwa sababu anawashwa. Siku ya tano ngozi ya mapajani ikapasuka, damu ikachuruzika. Mashavu akajikuna ukutani mpaka kibanda kikayumba. Akalia, machozi ya tembo, si haba.

"Nitasimamaje jiweni mimi? Wimbo wa kwanza tu nitajikuna. Makame atasema nimemkataa. Nami simkatai, Somo! Simkatai!"

Bi Nyani akaficha mikono kwapani.

Saa hiyo akaingia Bi Ngiri na mzigo wa kuni. Bi Ngiri hakualikwa harusini. Nani amwalike, na magoti yale ya tope? Kazi yake ilikuwa kuleta kuni na kwenda zake. Akatua mzigo, puu! Akamtazama mwari. Akautazama moto. Akamtazama Bi Nyani, aliyeficha mikono kwapani.

"Bi Nyani, hebu nione mikono yako."

"Ya nini? Leta kuni, nenda."

"Nionyeshe tu, bibi wee, sitaila."

Bi Nyani akasita, akaitoa. Masikini! Viganja vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Kumbe siku zote tano, akitoka nje, naye alikuwa akijikuna nyuma ya kibanda. Na hakumwambia mtu.

"Na wewe una uchafu gani uliobaki?" akauliza Bi Ngiri. "Mikono hiyo imeoshwa kuliko yote nchini."

Bi Nyani akaitazama mikono yake.

Bi Ngiri akakaa chini bila kukaribishwa. Akasema, "Mimi mnaniita mchafu, na mchafu ndiye mimi. Lakini kipupwe kinapita, mimi siwashwi. Ngozi ina mafuta yake iliyozaliwa nayo. Maji ya moto yanayaondoa, dodoki linayaondoa, moto huu unakausha hata kidogo kilichobaki. Nipe mkono mmoja. Mmoja tu. Wa pili ufanye upendavyo."

Akauchovya mkono wa kulia katika maji ya vuguvugu, mara moja, akautoa. Hakuufuta. Ungali umelowa, akaupaka tope laini la dimbwini lililomjaa magotini, taratibu, kila ufa. "Tope ni kifuniko," alisema. "Unafunika maji yasitoroke. Ukingoja ngozi ikauke ndipo upake, umefunika chungu kitupu."

Kesho yake asubuhi, siku ya sita, Bi Nyani akaamka. Mkono wa kushoto, kwaru, kwaru, unakunwa tangu alfajiri. Mkono wa kulia umetulia tuli. Akaugeuza huku, akaugeuza huku. Akaketi chini akalia.

"Mbona unalia, Somo? Si umepona?"

"Nalia kwa ajili ya binti wa Kifaru," alisema Bi Nyani. "Mwari wangu wa mwaka juzi. Kipupwe kama hiki. Alijikuna kwenye wimbo wa pili."

Akasimama, akautawanya moto. Akamwaga maji ya moto. Akatupa dodoki mbali, huko! Akamwogesha Mashavu kwa maji ya vuguvugu, upesi upesi, akampaka tope ngozi ingali mbichi. Siku ya sita hivyo, siku ya saba hivyo. Nisiwadanganye, nyufa hazikuziba zote. Ngozi iliyoteswa siku tano haiponi kwa mbili. Lakini mwasho ulipungua, ukapungua, akapata kulala.

Asubuhi ya harusi mama yake Mashavu akaja. "Haya, mwosheni tope, wageni wamefika!"

Bi Nyani akamtazama Mashavu. "Mwari wangu, nikikuosha utang'aa. Nisipokuosha utatulia. Sema mwenyewe."

"Niache na tope langu," alisema Mashavu.

Akatoka. Jamani, jamani! Bibi harusi ana tope kichwa mpaka nyayo! Halaiki ikaguna. Mashangazi wa Makame wakafunika pua. "Wametuletea mchafu! Hakusuguliwa huyu! Somo gani huyo?" Bi Nyani akasikia yote. Arobaini wote waling'aa, na huyu wa arobaini na moja amempaka tope kwa mikono yake mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke.

Makame akamtazama Mashavu. Akacheka. "Mimi nilimpata hivi hivi," alisema. "Imbeni."

Wakaimba. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Upepo ukapuliza, vuuu! Wa tatu, wa nne, kimya ji. Wimbo wa tano, nyuma ya sikio la kushoto tope likabanduka kidogo. Kidogo tu, kama ukucha. Mwasho ukaingia hapo hapo! Mashavu akafumba macho. Bi Nyani akaacha kupumua. Wa sita. Mashavu anasikiliza sauti ya Makame tu, haisikilizi ngozi. Wa saba. Ukaisha.

Hakujikuna.

Lililililili! Vigelegele mpaka milima ikaitika. Wote wakashangilia, wote, isipokuwa Bi Nyani. Yeye alipenya katikati ya watu, akaenda mpaka nyuma kabisa, pale aliposimama binti wa Kifaru peke yake. Miaka miwili hakuna aliyemposa. Nani ampose mkataa waume? Bi Nyani akapiga magoti, akapaza sauti halaiki nzima isikie.

"Huyu hakumkataa mumewe! Mimi ndiye niliyemsugua mpaka akapasuka. Kosa ni langu. Nisamehe, mwanangu."

Ngoma ikanyamaza. Binti wa Kifaru akaigeukia halaiki.

"Nililia pale jiweni," alisema. "Nilisema, namtaka, ni ngozi tu inaniwasha. Nilisema kwa sauti kubwa. Mkaniambia bibi harusi hasemi."

Yule mume wa mwaka juzi ameshaoa kwingine, ana watoto wawili. Bi Ngiri peke yake ndiye aliyemsogelea binti wa Kifaru, akamshika, wakaenda pamoja taratibu mpaka dimbwini.

Tangu siku hiyo, nchi ile, mwari hupakwa tope, hasuguliwi. Na akipanda jiweni huulizwa kwanza kwa kinywa chake: unamtaka? Akisema ndiyo, basi ni ndiyo, hata akijikuna mpaka jua lizame.

Mafunzo yenyewe haya, nayasema wazi mtu asije akasema hakusikia. Ngozi inayowasha si chafu, ina kiu. Usiiadhibu kwa maji ya moto na madodoki, ioshe kwa maji ya vuguvugu, upesi, uipake mafuta ingali mbichi. Na anayesema anaumwa, msikilize kinywa chake kabla hujamwambia wewe maana ya maumivu yake.

Haya, wewe muundi, sogea mbali na moto. Lete miguu hapa, chupa ya mafuta hii. Hadithi yangu imekomea dimbwini, pale walipoingia wale wawili, na mimi sikuwafuata.