Ubao wa Bi Nungunungu

Paukwa!
Pakawa!
Mmekula?
Tumekula!
Mimi bado, lakini tuendelee.

Hapo zamani za kale, kabla kitambi changu hakijaanza kunitangulia njiani, Bi Nungunungu alipika vitumbua sokoni. Chwaa! Unga wa mchele kwenye mafuta. Vitamu. Ila alikuwa mgeni, hana wateja. Kiboko, mkuu wa soko, akamwonya: akikosa wateja mpaka gulio lijalo, mahali pake atapewa Fisi, auze mifupa.

Bi Nungunungu akaona dawa ni msemo. Akatafuta ubao, akatafuta mkaa. Aandike vitumbua tu? Akaona hilo halina utamu. Kwao mwanamke anayejiheshimu husema kwa fumbo, kama msemo wa leso. Akaandika: UNAYENISENGENYA, NAKUONA.

Swala akapita, akasoma, akasimama. Jana yake alikuwa amesema miiba ya yule mama itaangukia kwenye vitumbua. Akageuka, tifu tifu tifu, akaenda zake. Ngiri akapita, akasoma. Naye alikuwa amesema. Tifu tifu tifu. Nani sokoni alikuwa hajasema? Soko zima likahamia njia ya nyuma.

Bi Nungunungu akashtuka. Akafuta, akaandika: KARIBUNI, SINA NENO NA MTU.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Shoga," Swala akamnong'oneza Ngiri, "asiye na neno huandika kwamba hana neno?"

Ngiri akasema hata yeye ameona. Huyu ana neno, tena zito.

Gulio likafika. Fisi naye akafika, na kamba ya kupimia mahali pake papya. Mara akatokea Punda, katoka safari na mizigo, umbea wa soko haujamfikia. Akasoma ubao. Akasoma tena.

"Bi Nungunungu, sikukuuliza habari za moyo wako. Nauliza, kuna chakula?"

"Vitumbua."

"Vya moto?"

"Vya moto."

"Sasa mbona hilo ndilo ulilonificha?"

Bi Nungunungu akafuta, akaandika: VITUMBUA VYA MOTO. Chwaa! Punda akala, akaagiza tena. Ngiri akasoma, akalitafuta fumbo, hakuliona, akajipanga foleni. Swala nyuma yake. Kiboko alipokuja kukabidhi mahali, akamkuta Fisi mkiani mwa foleni, kamba kaifunga kiunoni, anawauliza walio mbele kama vitatosha.

Basi, wenzangu wakubwa kwa wadogo: tangazo la biashara limwambie mteja atapata nini, si wewe una nini moyoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, na njaa yangu ndiyo kwanza inaanza. Mwenye kitumbua asinifiche.