Mama Aliyeyashuku Meno ya Mwanawe

Wapendwa, sikilizeni habari ya mama mmoja aliyemshuku kila mtu. Dumu lake la mafuta ya kula alilichora mstari wa mkaa, ajue kama kuna mkono umepita. Mgeni akimsifia mtoto, yeye moyoni anauliza: huyu anataka nini kwangu? Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kuvuta mkoba wake karibu pale mtu alipoketi kando yake?

Mtoto wake, binti wa miezi saba, akaanza kuharisha. Siku ya pili joto likapanda. Akampeleka zahanati. Nesi akampima, akatoa pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji yaliyochemshwa.

"Mnyweshe kidogo kidogo, mama, na uendelee kumnyonyesha. Ukiona amelegea, mrudishe haraka."

Njiani mama akazigeuzageuza zile pakiti. Chumvi na sukari? Mbona hata jikoni kwangu zipo? Dawa yenyewe wamewawekea ndugu zao. Alipofika nyumbani akazisukuma chini ya godoro, hakufungua hata moja.

Jirani akaja kumjulia hali mgonjwa. Akamfungua mtoto mdomo, akapapasa fizi kwa kidole.

"Shoga, huoni? Huku pembeni pametuna. Haya ni meno ya nailoni, si meno ya kweli. Ndiyo yanayomharisha. Yasipotolewa, mtoto huna."

"Mbona nesi hakuniambia?"

"Atakuambiaje? Wao hawayajui hayo. Twende kwa yule bibi wa bondeni, anayatoa vizuri."

"Bibi yule, na yale macho yake? Mtoto wangu simpi."

"Haya, kaa naye hivyo hivyo. Si mjuaji wewe!"

Jirani akaondoka, lakini lile neno halikuondoka. Mtoto huna. Sasa mama asiyemwamini nesi, asiyemwamini bibi, amebaki na nani? Na mkono wake mwenyewe. Akachukua spoku ya baiskeli ya mumewe, akainoa kwenye jiwe, akaipitisha motoni. Akambana mtoto mapajani, akamchimba fizi, kulia na kushoto. Mnajua mtoto wa miezi saba analiaje? Yule alilia mpaka sauti ikakatika.

Vikatoka vitu viwili vyeupe, laini kama wali uliolowa. Mama akaviweka kwenye kifuniko, akamwita jirani.

"Hebu tazama. Laini! Meno gani haya?"

"Si nilikwambia?"

Wapendwa, ukimenya hindi ambalo bado ni changa, utakuta punje ngumu? Yalikuwa meno ya kweli yale. Hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa bado yanakuja.

Kesho yake uso wa mtoto umevimba, titi halishiki, macho yameingia ndani. Kuharisha kuko pale pale. Mama akakimbia naye zahanati, kwa nesi yule yule.

"Mdomo umefanya nini?"

"Alianguka, nesi. Aliangukia kinu."

"Akaangukia kulia, akainuka, akaangukia na kushoto?"

Mama akainamisha kichwa. Nesi akampakata mtoto yeye mwenyewe, akapanda naye gari mpaka hospitali ya wilaya. Siku tisa mtoto alitundikiwa dripu, siku ya kumi akanyonya. Akapona. Na watu wa mtaani walipouliza habari za fizi zile, mama alijibu nini?

"Ni sindano za yule nesi."

Miaka ikapita. Binti akafika darasa la tano. Wenzake wana meno yao ya utu uzima, yeye pembeni pako tupu; spoku iliua hata mbegu za meno yale ya pili. Shuleni walimwita Geti, akazoea kucheka amefunika mdomo. Siku moja akarudi nyumbani uso umekunjuka, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mama, leo nimekutana na yule nesi aliyeniharibu. Akanisalimia. Nikamtemea mate miguuni."

Mama akaacha kuchambua mchele.

"Usirudie tena, mwanangu. Si yeye."

"Nani basi?"

Mama akatoa kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa.

"Mama, nani?"

"Ni mimi."

Akamweleza yote, mpaka na pakiti alizozificha. Binti hakulia, wala hakupaza sauti. Asubuhi mama akamkorogea uji. Binti akaupokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akauangalia, akamwangalia mama, akauangalia tena. Kisha akauweka chini, akaenda shule na njaa.

Ndugu zangu, mama huyo ni sisi. Mwenye kutuambia tuchemshe maji tunamtilia shaka, tena tunamchunguza mpaka viatu. Lakini anayetuambia ng'oa, choma, chimba, huyo hatumuulizi amejifunzia wapi. Wapo humu humu wanaotia maji ya betri kwenye jino lililotoboka. Wapo wanaolitikisa kwa koleo ya fundi, kisha wiki nzima shavu limejaa usaha na wanasema wamerogwa. Tumemshuku nani pale? Jino, jirani, mchawi. Mkono wetu je? Huo tumeuachia uingie popote, hata mdomoni mwa mtoto asiyeweza kusema hapana.

Na tukishakosea, tunatafuta mtu mwema wa kumbebesha kosa letu. Mtoto anakua akimchukia aliyemwokoa. Siku akiujua ukweli, atamwamini nani tena? Mungu akitusamehe leo, bado kuna nesi anayetudai samahani. Twende tukamwombe.

Na kama yupo hapa mama ambaye mtoto wake anaharisha hivi sasa, asisubiri tumalize. Ainuke, ampeleke zahanati. Akipita mlangoni, tumpishe.