Bamia na Neno Karibu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kasuku mdogo. Alianguka kutoka tundu la mti akiwa kinda, hana hata unyoya. Mama Zuwena, mpika vitumbua, akamwokota. Akamlisha uji kwa kijiko. Manyoya yakaota, kijani kibichi, akamwita Bamia. Bamia akalala begani kwa mama, kichwa ndani ya khanga. Walipendana hao, walipendana kweli!

Wateja walikuja asubuhi. "Hodi!" Bamia akawahi: "Karibu!" Mbuzi akilia nje, "Karibu!" Mbwa Popi akibweka, Bamia naye, wou, wou! Watu wakacheka mpaka vitumbua vikaungua.

Siku moja kundi la kasuku likapita juu. Krii! Krii! Bamia akarukia dirishani, akawatazama mpaka wakapotea. Uji hakuugusa. Siku ya pili hakuugusa. Mama Zuwena machozi yakamlenga.

"Mwanangu, wenzako wanakuita. Nenda." Akafungua dirisha. Puruu!

Msituni akapokewa na dada yake wa tundu moja, Majani, aliyekuwa na makinda watatu. Wazee wa kundi wakanung'unika: "Huyu ananuka mafuta ya vitumbua."

"Ni ndugu yangu, atalala kwangu," akasema Majani. "Lakini kaka, huku hatusemi hodi. Tunasema krii. Asiyesema krii si wetu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia si kazi. Mazoea yana taabu, wanangu!

Alasiri moja, mvua inanyesha, Majani akaenda kutafuta matunda. Bamia akabaki tunduni na makinda, akijisemea: "Karibu, karibu." Chini ya mti akapita Kanu, mnyama kama paka, mwenye madoa na mkia wa pete, mla ndege. Akasikia. Akapanda, nya, nya, nya. Akaita kwa adabu zote:

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu!" akajibu Bamia, hata hajafikiri.

"Ahsante," akasema Kanu, akaingiza kucha tunduni.

Makinda wakalia. Bamia akaruka mbele yao, akawakinga kwa mbawa. Nyaku! Kanu akamng'oa mkia wote. Bamia akafumba macho, akapaza sauti ya nyumbani:

"Wou! Wou! Popi, kamata!"

"Lo! Mbwa juu ya mti!" Kanu akateleza, akaanguka puu! Akakimbia hadi leo.

Majani akarudi. Makinda wote wazima. Bamia yuko nje tawini, mvuani, analia kwi kwi.

"Dada, nimekosa. Nilimkaribisha mimi."

"Umekosa kweli," akasema Majani. Akamsogelea, akamsafisha manyoya kwa mdomo, taratibu. "Nawe ndiye uliyewakinga. Njoo ndani, umelowa."

Mkia ulipoota, Bamia akaruka asubuhi mpaka kwa Mama Zuwena. Dirisha lilikuwa wazi. Halikuwa limefungwa tangu siku ile.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza mama, mkono kwenye unga.

"Krii! Bamia!"

Mwiko ukaanguka. "Karibu, mwanangu! Karibu!"

Basi, wakubwa kwa wadogo, karibu ni neno zuri, lakini kwanza uliza nani. Na umpendaye akienda kwao, usimfungie dirisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, begani kwa Mama Zuwena, kichwa ndani ya khanga.