Kinsi na Ngamia Asiyemjua

Methali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa hutupiwa kijana aliyerudi kutoka mjini akijifanya hajui tena ugali wa wimbi. Ni nadra kusikia ikitajwa kwa mtu ambaye wengine ndio wanaomkatalia kwao. Hapo ndipo inapouma hasa, na hapo ndipo ilipomkuta Kinsi, binti wa Issack, muuza vitambaa wa soko la Birongo ambaye mababu zake walitoka mbali, jangwani kwa wafugaji wa ngamia.

Kinsi alizaliwa Birongo, akasomea Birongo, na brashi ya kwanza aliishika Birongo. Mwaka huo yalitangazwa mashindano ya uchoraji katika ukumbi mmoja karibu na Sironga. Kila mchoraji alitakiwa kuchora mandhari ya kwao kwa kumbukumbu tu: simu ziachwe mlangoni, na picha za kunakili marufuku. Mchoro wa mshindi ungetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi huo daima. Kinsi aliutaka ukuta ule kufa kupona.

Siku ya kujiandikisha, mwenyekiti wa mashindano, mwalimu mstaafu aliyeitwa Mogire, aliutazama mtandio wake kabla ya kumtazama usoni.

"Milima na chai tuko nayo mpaka imezidi," alisema kwa upole wa mtu anayegawa zawadi. "Wewe tuchoree kwenu. Jangwa, ngamia, jua likizama. Wageni watapenda sana. Hata naona hiyo ukuta ni yako."

"Kwetu ni Birongo, mwalimu."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini kwenu kabisa."

Kinsi alilirudiarudia neno hilo "kabisa" njia nzima. Jioni alimsimulia babake wakikunja vitambaa dukani. Issack alikuwa mtu wa amani, asiyependa kugombana hata na nzi.

"Mchoree ngamia wake, mambo yaishe," alisema. "Sisi tunaishi na watu, Kinsi."

"Aabo, ngamia ana nundu ngapi?"

Issack alisita, kitambaa mkononi. Yeye naye alizaliwa Kisii mjini, na ngamia alimjua kwa maziwa yaliyoletwa na basi. "Moja," alisema. "Nadhani."

Kinsi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikageuka hasira. "Kumbe hata wewe! Basi sichori nisichokijua ili mtu mwingine afurahi."

"Utaukosa ukuta."

"Niukose."

Siku ya mashindano, wenzake walianza na mbingu kama walivyofundishwa. Kinsi alifumba macho kwanza, kisha akaanza na tope, kwa kuwa anayekwea Birongo baada ya mvua huangalia miguu yake kabla hajauona mlima. Juu ya tope akaweka mashamba yaliyogawanywa na ndugu mpaka yakabaki membamba kama mikanda, yakishuka kutoka kileleni hadi mtoni. Akaweka migomba, mabati yenye kutu na makaburi katikati ya mahindi. Halafu akaweka ule mwanga wa manjano wa alasiri ambao kila mkulima wa chai huuogopa, na nyuma yake mvua ya mawe ikija, nyeupe. Mbele ya mvua hiyo mwanamke mmoja alikuwa amevua leso yake kufunika kikapu cha majani chai, na kichwa chake kimebaki wazi.

Mogire alisimama nyuma yake. "Si nilikuambia uchore kwenu?"

"Ndiko huku."

"Huku ni kwetu sisi."

Kinsi aliweka brashi chini. "Simu yangu iko mlangoni, mwalimu. Picha sina. Kama si kwetu, haya yote nimeyatoa wapi?"

Mogire, kama wakubwa wanaoshindwa kwa hoja, alikimbilia cheo chake. Alitangaza kwamba mchoro ule haukufuata maelekezo, akauondoa mashindanoni. Kinsi aliubeba kwapani, rangi ikimpaka mkono, akatoka bila kuinamisha kichwa. Alilia barabarani, mbali na macho yao.

Alitarajia babake amwambie, "Nilikuonya." Issack aliketi mbele ya mchoro ule, akiuangalia. Miaka na miaka alikuwa ameiona mvua ile ikishuka, akikimbia kuingiza vitambaa ndani pamoja na majirani zake. Ghafla aliinuka, akakishusha kitambaa chake cha bei ghali kilichovutia wateja mlangoni, akapigilia msumari na kuutundika mchoro mahali pake.

Siku ya soko watu walijazana. Nyanchera, mkulima wa chai, alitua kikapu chake chini.

"Uuwi! Hiyo mawe ndiyo ilinimalizia chai yote," alisema, akaguna kwa uchungu kana kwamba ilikuwa inaanguka tena.

Mnunuzi mmoja mgeni, aliyetoka Kenyenya, alisogea karibu. "Amechora nani? Ni mtu wa wapi?"

Kwa miaka yote Issack alipoulizwa swali hilo alitaja mji wa mbali wa mababu zake, ambao hajawahi kuukanyaga, ili asibishane na mtu. Safari hii alimshika bintiye bega.

"Amechora huyu. Ni wa hapa," alisema. "Na mimi babake ni wa hapa. Anayebisha na abishe."

Mkataa kwao ni mtumwa, na siku ile dukani kwa Issack hapakuwa na mtumwa.